Kabla ya kupokea takwimu ya mchezo, tuulize: kati ya ngapi?

Kalamu ya Pembeni (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Nimefungua uzi huu kwa sababu ya jambo linalonikera kila nikisikiliza uchambuzi wa michezo. Namba zimeongezeka mno, maswali yamepungua. Mtangazaji anatusomea umiliki wa mpira asilimia 68, pasi 612, kona tisa, halafu anahamia mada nyingine kana kwamba ameshaeleza kilichotokea uwanjani. Haulizi nani alihesabu, alihesabu nini, na hicho alichohesabu ni kati ya ngapi. Mimi napenda takwimu, tena sana, ndiyo maana naumia zinapogeuzwa kuwa pambo la kipindi.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kupinga apinge: namba ya michezo ina maana pale tu inapokuja na swali lililoizaa. Kazi ya mwandishi ni kuvileta vyote viwili.

Tuanzie mbali kidogo. Wengi wanadhani takwimu za michezo zililetwa na kompyuta. Zilianzia kwenye meza ya mwandishi wa habari. Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani akiwa mtoto, alikuwa akiripoti besiboli katika magazeti ya New York katikati ya karne ya 19. Hakukuwa na redio wala picha za video. Asiyefika uwanjani alitegemea karatasi. Chadwick akachukua wazo kutoka kwenye kadi za kriketi, akatengeneza jedwali linaloonyesha kila mchezaji kafanya nini, na lile la mwaka 1859 hutajwa kuwa chimbuko la majedwali ya besiboli tunayoyaona leo. Ndiye pia aliyeeneza wastani wa mpigaji: mara alizoupiga mpira akafika kituoni salama, kugawanya kwa nafasi zake za kupiga.

Sasa angalieni. Katika besiboli, mrushaji akirusha mipira minne nje ya eneo halali na mpigaji akaiacha ipite, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure. Chadwick aliona hilo ni kosa la mrushaji na halimpi sifa yoyote mpigaji, hivyo likabaki nje ya wastani. (Msimu wa 1887 waliwahi kulihesabu, kisha wakaachana nalo.) Yale yalikuwa maoni ya mtu, lakini yalipokwisha kuingia kwenye kipimo yakaonekana kama ukweli wa maumbile. Kwa zaidi ya miaka 100 magazeti yakasifu wapigaji kwa kipimo kisichoona kabisa ustadi wa kuuacha mpira mbaya upite.

Walioliona pengo hilo hawakutoka kwenye mabenchi ya ufundi. Bill James alikuwa mlinzi wa usiku kiwandani huko Kansas alipoanza, mwaka 1977, kuchapisha mwenyewe uchambuzi wake. Swali lake lilikuwa la msingi: timu inapata pointi kwa kufikisha watu kituoni, sasa kwa nini tusihesabu kila njia ya kufika kituoni? Mwaka 2002 timu ya besiboli ya Oakland, waliokuwa wakilipa mishahara ya takriban dola milioni 40, walishinda michezo 103, sawasawa na New York Yankees waliokuwa wakilipa zaidi ya milioni 120. Walikuwa wamenunua wachezaji ambao soko liliwaona wa kawaida kwa sababu soko lilisoma namba ile ile ya zamani. Boston Red Sox wakamwajiri James mwaka 2003, na 2004 wakachukua ubingwa wao wa kwanza tangu 1918. Sisemi yeye peke yake ndiye aliyewapa kombe. Nasema swali la mtu wa nje lilifika mahali ambapo uzoefu wa miaka mingi haukufika.

Huo ni upande mzuri. Upande wa pili unatuhusu zaidi sisi wa soka, na hapa naomba mnivumilie maana ndipo hoja yangu ilipo.

Tarehe 18 Machi 1950, Charles Reep, afisa wa jeshi la anga la Uingereza, alikuwa akitazama Swindon Town wakicheza na Bristol Rovers. Kipindi cha kwanza kilimchosha: mashambulizi mengi, matunda hakuna. Mapumziko yalipoisha akatoa daftari na penseli, akaanza kurekodi kila shambulizi. Aliendelea na kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Alifanya kazi na Brentford mwaka 1951, halafu na Wolverhampton ya kocha Stan Cullis, na mwaka 1968 yeye na mwanatakwimu Bernard Benjamin wakachapisha matokeo katika jarida la chama cha wanatakwimu cha Uingereza. Kwa kujitolea, sijui wangapi wanamfikia.

Alichokipata ni hiki: takriban asilimia 80 ya mabao yalitokana na mashambulizi yenye pasi tatu au pungufu. Kutokana na hapo ikaonekana pasi nyingi ni kupoteza muda, mpira upelekwe mbele haraka. Fikra hiyo iliupa nguvu mpira wa mipira mirefu nchini Uingereza kwa miaka mingi.

Kati ya ngapi? Katika data ile ile ya Reep, zaidi ya asilimia 90 ya mashambulizi yote yalikuwa na pasi tatu au pungufu. Mpira wa miguu ndivyo ulivyo, timu hupokonywa mpira kila wakati. Tufanye hesabu rahisi ya kubuni. Chukua mashambulizi 1,000: 900 mafupi, 100 marefu. Yamezaa mabao 10: manane kutoka kwenye mafupi, mawili kutoka kwenye marefu. Ukisema "asilimia 80 ya mabao yametokana na mafupi" umesema kweli tupu. Lakini shambulizi fupi linazaa bao moja kila mashambulizi 112 hivi, refu linazaa moja kila 50. Namba ile ile, na somo limegeuka kichwa chini.

Mwaka 2005 watafiti Mike Hughes na Ian Franks walifanya mgawanyo huo kwa mechi za Kombe la Dunia za 1990 na 1994, wakakuta mashambulizi ya pasi nyingi yanazaa mabao zaidi kila timu inapopata mpira. Wakakuta pia kwamba mashuti ya mashambulizi ya haraka yana uwezekano mkubwa kidogo wa kuwa bao. Kwa hiyo Reep alikuwa ameshika kitu cha kweli. Alichokosa ni mgawanyo mmoja tu, na kwa sababu hiyo makocha wakafundisha, waandishi wakaandika, watoto wakakua wakiupiga mpira mbele.

Ndiyo maana siukubali usemi kwamba namba hazidanganyi. Namba ya Reep haikuwa ya uongo hata chembe.

Tuje kwenye umiliki wa mpira, ambao ndio unaoongoza kwa kutajwa hewani. Wangapi wanajua unavyopimwa? Kampuni kubwa za data kwa miaka mingi zimeupata kwa kuhesabu pasi: pasi za timu moja kama sehemu ya pasi zote za mechi. Wengine hupima kwa saa. Ndiyo sababu unaweza kuona asilimia mbili tofauti za mechi moja kwenye vituo viwili, na hakuna aliyekosea. Mabeki wawili wa kati wakigongeana pasi 40 nyuma ya mstari wa kati, umiliki unapanda, na mpinzani hajasumbuliwa.

Tarehe 6 Desemba 2022 Uhispania walipiga zaidi ya pasi 1,000 dhidi ya Morocco katika dakika 120. Hawakupata bao, na kwenye mikwaju ya penalti hawakufunga hata mmoja. Morocco wakapita kwa 3-0 na kuendelea hadi nusu fainali, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Miaka minne nyuma Uhispania hao hao walikuwa wamepiga zaidi ya pasi 1,000 dhidi ya Urusi wakatolewa kwa penalti vilevile. Na usiku wa Julai 8, 2014, Brazil walipofungwa 7-1 na Ujerumani, takwimu rasmi za FIFA zilionyesha Brazil ndio waliomiliki mpira zaidi na kupiga mashuti mengi zaidi. Ujerumani walikuwa na mabao matano ndani ya dakika 29. Baada ya hapo waliobaki kushambulia ni walioachwa nyuma, na hilo hutokea karibu kila mechi: anayeongoza anarudi nyuma, anayefungwa anashika mpira. Umiliki mara nyingi ni matokeo ya ubao wa mabao, halafu sisi tunausoma kama chanzo chake.

Mwandishi mwenye umakini angeuliza umiliki ulikuwaje ubao ukiwa sare, na mpira ulimilikiwa eneo gani. Maswali mawili tu.

Nisiwachoshe, leteni ya kwenu.

---

Beki Tatu

Mtoa mada umeandika vizuri lakini naomba kutofautiana. Tatizo si swali, tatizo ni namba zenyewe. Mpira una mambo ambayo hayahesabiki. Beki mzuri ni yule ambaye mshambuliaji hata hampelekei mpira upande wake. Utaandika nini kwenye jedwali lako? Sifuri. Halafu beki anayelala chini mara nane anaonekana shujaa, kumbe amelala chini kwa sababu alikuwa amesimama vibaya mara nane. Waandishi wa sasa wanatazama jedwali kuliko wanavyotazama mechi.

---

Kalamu ya Pembeni (mtoa mada)

Mkuu Beki Tatu, mfano wako ni mzuri kuliko wangu wowote, na nakubaliana nao neno kwa neno. Kuhesabu mara ambazo beki amenyang'anya mpira kunapima zaidi ametupiwa kazi kiasi gani kuliko amecheza vizuri kiasi gani. Timu inayoshambuliwa dakika zote 90 lazima mabeki wake watakuwa na namba kubwa.

Ila siendi na wewe hadi mwisho. Kisichohesabika leo huenda hakijapata mtu wa kukihesabu. Kwenye kikapu kulikuwa na Shane Battier wa Houston Rockets: pointi za kawaida, mipira ya kudaka ya kawaida, jedwali la gazeti halikumwona. Walipolinganisha matokeo ya timu dakika akiwa uwanjani na dakika akiwa benchi, ikaonekana wenzake walikuwa bora zaidi akiwepo na nyota aliopewa kuwakaba walikuwa wabovu zaidi. Kazi yake ilikuwa kumlazimisha mtu arushe kutoka mahali asipopapenda. Hilo ndilo beki wako anafanya.

Sasa kamera zinarekodi mahali alipo kila mchezaji mara 25 kwa sekunde, kwa hiyo hata nafasi ambayo beki ameifunga bila kugusa mpira inaanza kupimika. Aliyejua aulize nini kuhusu beki ni mtu aliyetazama mechi kwa jicho kama lako. Jicho ndilo linalotangulia.

---

Mzee wa Kikapu

Umetaja Houston, basi msiisahau mechi ya saba ya fainali ya kanda ya magharibi, Mei 28, 2018. Timu ya mahesabu kuliko zote, msimu ule walikuwa wa kwanza katika historia ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kurusha mitupo mingi ya pointi tatu kuliko ya pointi mbili. Wakakosa mitupo 27 ya pointi tatu mfululizo! Walimaliza 7 kati ya 44, Golden State wakapita 101-92. Huo ndio mwisho wa kuwasikiliza wahasibu.

---

Kalamu ya Pembeni (mtoa mada)

Mzee wangu, shikamoo. Hapo pana somo kubwa sana kwa waandishi, tulitazame kwa ukaribu.

Hesabu waliyoifuata ni hii. Mtupo wa pointi mbili kutoka mbali kidogo, mtu akiuweka kwa asilimia 40, una thamani ya pointi 0.8. Mtupo wa pointi tatu kwa asilimia 36 una thamani ya pointi 1.08. Ukirusha mara moja huoni tofauti. Ukirusha maelfu kwa msimu, tofauti ni nafasi ya kwanza kwenye msimamo. Msimu ule walishinda michezo 65, rekodi bora ya ligi nzima. Na ligi nzima imewafuata: mstari wa pointi tatu ulipoingizwa msimu wa 1979-80 timu ilirusha chini ya mitupo mitatu kwa mchezo, sasa ni zaidi ya 30.

Kwa hiyo usiku mmoja haufuti hesabu ya msimu. Lakini na mimi sitakubali jibu la "ilikuwa bahati mbaya tu" ambalo baadhi ya wachambuzi walilitoa. Ukichukua uwezekano wa kukosa wa asilimia 64 na kuuzidisha wenyewe kwa wenyewe mara 27, unapata kitu kinachotokea chini ya mara moja kwa kila 100,000. Namba ndogo hivyo iwe kengele: huenda dhana ya kwamba kila mtupo unajitegemea haikushika usiku ule. Chris Paul alikuwa nje kwa jeraha la msuli wa paja, waliobaki walikuwa wamechoka, na waliokuwa wakiwakaba walikuwa mabingwa watetezi. Mwandishi aliyekuwa ukumbini na kuona miguu imekuwa mizito ana habari ambayo hesabu haina. Aiandike pamoja na hesabu.

Na kuhusu ule usemi wa wachezaji kwamba mtu mkono wake ukishawaka, yaani ameshafunga mfululizo, mpeni mpira: mwaka 1985 watafiti Gilovich, Vallone na Tversky walichapisha utafiti uliosema ni hisia tu, hakuna kitu kama hicho. Kwa miaka 30 waliosoma takwimu waliwaona makocha kama watu wa ushirikina. Kisha Joshua Miller na Adam Sanjurjo wakagundua njia ya upimaji ilikuwa na kasoro ya kihesabu, na data zile zile zikipimwa sawasawa zinaonyesha mkono huwaka kweli, kwa kiasi. Rusha sarafu mara tatu, angalia kila kichwa kinafuatwa na nini, chukua asilimia ya vichwa vilivyofuatwa na kichwa kingine kwa kila mfululizo wa mitatu, kisha tafuta wastani wake: unapata takriban 42, ilhali wengi wetu tungeapa ni 50. Mwenye karatasi na aandike mifululizo yote minane ahakikishe mwenyewe. Miwili haina kichwa cha kufuatwa, inaachwa.

---

Kipa Namba Moja

Nawasalimu wote. Nchangie kwa upande wa golini. Robo fainali ya Kombe la Dunia 2006, Ujerumani na Argentina, mikwaju ya penalti. Jens Lehmann, kipa wa Ujerumani, alikuwa na kikaratasi kwenye soksi kilichoandikwa na kocha wake wa makipa, Andreas Köpke. Majina saba na upande kila mmoja anapopenda. Kati ya saba, waliopiga ni wawili tu, Ayala na Rodríguez. Ayala akadakwa. Alipofika Cambiasso, Lehmann akatoa kikaratasi akakisoma taratibu. Jina la Cambiasso halikuwemo! Cambiasso akapiga, akadakwa, Ujerumani wakapita 4-2. Sasa hapo takwimu ilifanya kazi au haikufanya?

---

Kalamu ya Pembeni (mtoa mada)

Kwa Ayala ilifanya kazi. Kwa Cambiasso kilichoonekana ni kikaratasi. Kama kilimtikisa anajua yeye. Magazeti yaliandika kwamba karatasi ndiyo iliyowapitisha, na kwa maoni yangu hapo ndipo waandishi walipokosa kuuliza: ni wapigaji wangapi kati ya wanne walikuwa kwenye orodha?

Nyongeza kwa makipa wote humu. Mwaka 2007 Michael Bar-Eli na wenzake walichapisha uchunguzi wa penalti 286. Karibu asilimia 29 zilipigwa katikati ya goli. Makipa walibaki katikati asilimia 6 hivi ya mara zote. Maelezo yao ni kwamba kipa akiruka na kufungwa anaonekana amejitahidi, akisimama na kufungwa anaonekana hakufanya kitu. Na nani anayemwonyesha hivyo? Sisi, watangazaji na mashabiki. Huo ni mfano wa namba inayotuhusu sisi tunaozungumza kuliko inavyomhusu mchezaji. Lakini kabla kipa hajaamua kusimama kila mara akumbuke kwamba wapigaji nao watamsoma. Asilimia zile ni za makipa wanaoruka.

---

Dakika za Nyongeza

Mtoa mada, hujagusa xG, yale mabao tarajiwa. Kila mahali ni xG. Timu yangu inafungwa halafu naambiwa tulishinda kwa xG. Inanisaidia nini?

---

Kalamu ya Pembeni (mtoa mada)

Mkuu, mabao tarajiwa ni kipimo kizuri ambacho kimepewa kazi isiyo yake. Kinachofanyika ni hiki: linachukuliwa shuti, linalinganishwa na maelfu ya mashuti ya nyuma yaliyopigwa kwa umbali ule, pembe ile, kwa mguu au kichwa, na inaangaliwa yaliingia mangapi. Penalti hupewa kati ya 0.75 na 0.8 kwa sababu penalti karibu nane kwa kila kumi huingia. Mifumo mingi haijali aliyepiga ni nani. Sam Green wa kampuni ya data ya Opta aliielezea hesabu hiyo mwaka 2012, na kufikia Agosti 2017 BBC walikuwa wanaionyesha katika kipindi chao cha soka cha Jumamosi usiku.

Kwa mechi moja, jumla ya xG inaficha mengi. Timu A imepata nafasi mbili za 0.5. Timu B imepiga mashuti kumi ya 0.1. Zote zina 1.0. Uwezekano wa A kupata angalau bao moja ni asilimia 75, wa B ni 65. Kwenye ubao wa televisheni ziko sawa.

Faida yake ipo kwenye mechi nyingi. Msimu wa 2014-15 Borussia Dortmund ya Jürgen Klopp ilifika mwanzo wa Februari ikiwa mkiani mwa ligi ya Ujerumani, ikamaliza ya saba. Waandishi wengi waliandika kwamba mbinu zake zimekwisha, wachezaji wamemchoka. Huko Liverpool, Ian Graham, aliyesomea fizikia na kuongoza idara yao ya utafiti, alikuwa amepima nafasi zilizotengenezwa na kuruhusiwa katika mechi za Dortmund akakuta ni moja ya timu zilizokosa bahati kuliko zote. Oktoba 2015 Liverpool wakamwajiri Klopp. Mmeona yaliyofuata: ubingwa wa Ulaya 2019, wa ligi 2020.

Hapo ndipo uandishi ulipopitwa. Stori ya kocha aliyeishiwa ilikuwa tamu, na matokeo yaliiunga mkono. Ilihitaji mtu mmoja aulize kama timu ilikuwa inacheza vibaya au inafungwa tu.

---

Mwanagenzi wa Habari

Naomba kuuliza. Mimi ndio naanza uandishi wa michezo. Chumba chetu hakina uwezo wa kununua data za makampuni makubwa. Tunachotumiwa bure kila wiki ni taarifa za kampuni za kubashiri: "timu hii haijapoteza mechi sita dhidi ya ile". Nifanyeje?

---

Kalamu ya Pembeni (mtoa mada)

Mdogo wangu, karibu, na umeuliza swali ambalo wakubwa wengi hawaulizi.

Hizo za "haijapoteza mechi sita" zitazame kwanza. Mechi hizo sita zimechezwa ndani ya miaka mingapi? Wachezaji wangapi wa leo walikuwepo? Kocha ni yule yule? Mara nyingi majina ya klabu tu ndiyo yaliyobaki. Tena anayechagua amechagua sita kwa sababu ya saba ilivunja mfululizo. Anayekutumia ana bidhaa ya kuuza, na wewe msomaji wako hajakutuma ukamuuzie. Usiiandike.

Kisha kuna hesabu ambayo haikugharimu chochote. Mshambuliaji wa kwanza ana mabao 12, wa pili ana 9. Kichwa cha habari kinamtaja wa kwanza. Tafuta dakika: wa kwanza amecheza 2,700, wa pili 1,350. Tafuta penalti: wa kwanza tano, wa pili hana. Toa penalti, gawanya kwa kila dakika 90: wa kwanza anabaki na bao 0.23, wa pili 0.6. Dakika zipo kwenye ripoti za mechi. Umepata habari ambayo wenzako hawana, na ukiandika usiache kusema kwamba dakika 1,350 ni chache, anaweza kushuka.

Halafu hesabu mwenyewe. Chadwick na Reep walikuwa na karatasi. Chagua kitu kimoja kinachokusumbua kichwani ukitazama mechi, mathalani mpira ukipotea katikati timu inachukua sekunde ngapi kurudi kuziba, ukirekodi kwa mechi nane au kumi utakuwa na kitu. Andika pia namna ulivyohesabu, ili anayebisha abishe kwa kuhesabu.

Na usidharau kumuuliza mtu swali hewani. Mwaka 1992 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mjini Sydney, Afrika Kusini walihitaji mikimbio (alama za kriketi) 22 kwa mipira 13, mvua ikanyesha dakika chache, waliporudi ubao ukaonyesha 22 kwa mpira mmoja. Mtangazaji wa redio Christopher Martin-Jenkins akasema hewani kwamba lazima kuna mtu mahali fulani anayeweza kuleta kanuni bora. Frank Duckworth, mwanatakwimu, alimsikia. Yeye na Tony Lewis wakaunda hesabu inayozingatia mipira iliyobaki pamoja na wapigaji waliobaki, ikatumika mara ya kwanza Harare, Januari 1, 1997, Zimbabwe dhidi ya Uingereza, na hadi leo kriketi ya kimataifa inaitumia ikiwa imeboreshwa.

Kwenye riadha ndiko nakushauri uanzie, data ziko wazi. Mbio kubwa hutoa muda wa kila kilomita tano. Oktoba 8, 2023 huko Chicago marehemu Kelvin Kiptum alikimbia marathoni kwa 2:00:35 na dunia yote ikaandika muda huo. Nusu ya kwanza ilikuwa 1:00:48, ya pili 59:47. Yaani rekodi ya dunia ilivunjwa na mtu aliyeongeza mwendo wakati miili ya wengi inakata tamaa, na nusu hiyo ya pili peke yake ingeshinda mashindano mengi ya nusu marathoni. Anza na mbio moja, panga muda wa wakimbiaji watano wa kwanza kwa kila kilomita tano, angalia nani alipunguza na wapi, kisha wapigie makocha wao uwaulize kwa nini. Ukimaliza iweke hapa uzini tuisome pamoja.